Ngome Kongwe tamasha likishaondoka: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni Zanzibar

Kwa Waheshimiwa mlioshika dhamana ya utamaduni, mambo ya kale, utalii, hifadhi ya Mji Mkongwe na Baraza la Manispaa Mjini, Unguja.

Assalaam alaykum.

Anayekuandikieni ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kufunga spika, kuvuta nyaya na kukaa nyuma ya meza ya sauti mpaka mwimbaji wa mwisho ashuke jukwaani. Nilianza nikiwa kijana wa kubeba masanduku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya ndani ya Ngome Kongwe. Ukuta ule naujua unavyoitikia. Ngoma ikipigwa uwanja ukiwa mtupu, mlio hugonga jiwe la upande wa pili ukarudi umechelewa kidogo, mpaka mpigaji asiyeuzoea akadhani kuna mwenzake anamfuatiza. Watu wakishaingia wakajaa, miili yao huumeza ule mwangwi na sauti hutulia. Majaribio ya saa kumi jioni kwangu ni nusu ya kazi tu. Nusu iliyobaki huja na watu.

Ninalotaka kukuambieni ni hili. Mji wetu una matamasha yanayojulikana duniani, lakini hauna mahali pa kupigia muziki siku ambazo hakuna tamasha. Siku hizo ndizo nyingi, na wanamuziki wanaotupatia jina siku za tamasha hutengenezwa katika siku hizo. Mkizipuuza, baada ya miaka michache tutakuwa na jukwaa zuri, taa nzuri, wageni wazuri, na hatuna wa kumpandisha.

Nianze na Ngome yenyewe, kwa sababu ndiyo ukumbi wetu mkuu, tupende tusipende. Wazee wetu waliiita Gereza. Neno hilo asili yake ni neno la Kireno la kanisa, na Wareno kweli walikuwa na kanisa lao pale pale kabla Waarabu wa Oman hawajawafukuza mwishoni mwa karne ya 17 na kujenga boma. Pakakaa askari, pakafungwa watu, na mwanzoni mwa karne ya 20 reli ya Bububu ikapafanya karakana. Kila kizazi kilikuta kuta zile zimesimama kikazipa kazi. Kizazi chetu kimezipa muziki na filamu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi njema kuliko zote zilizowahi kufanywa ndani ya mawe yale.

Sauti za Busara, tamasha la muziki la kila Februari, ilianza mwaka 2004. Tamasha la filamu la Nchi za Jahazi, ambalo watu wengi wanalijua kwa jina la ZIFF, lilikwisha kuanza kabla yake, mwishoni mwa miaka ya tisini. Matamasha hayo mawili yamefanya kazi ambayo hakuna ofisi iliyoifanya. Yameleta mjini kwetu wapigaji wa kora kutoka Afrika Magharibi na waimbaji wa Afrika Kusini, yakawakalisha karibu na wapiga udi wa Malindi, na wote wakasikilizana. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipanda jukwaa la Ngomeni mara nyingi kabla hajafariki Aprili 2013, na vijana waliozaliwa mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, wakamwona bibi wa kwao anainukiwa na uwanja mzima. Mtu aliyekuwepo hahitaji kuelezwa maana ya tamasha.

Nakumbuka Februari 2010. Waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulikuwa umekufa tangu Disemba, na Unguja nzima ilikaa gizani kwa miezi mitatu. Maji hayapandi, samaki wanaoza sokoni, kila duka linaunguruma jenereta lake. Wengi walidhani tamasha halitakuwepo. Likafanyika, kwa jenereta. Usiku ukitoka Ngomeni na kuingia kichochoroni ulikuwa unapapasa ukuta kwa mkono, na nyuma yako mwanga na muziki vinamwagika juu ya ukuta kuelekea Forodhani. Watu wasiokuwa na tiketi walikaa pale bustanini wakisikiliza. Sijapata kuona tena mji ukilishikilia tamasha kama usiku ule.

Halafu ikaja 2016, tamasha halikufanyika kabisa. Safari hiyo umeme ulikuwepo. Zilikosekana fedha. Wafadhili hawakutosha, waandaaji wakasema wazi kwamba mwaka ule hawawezi, na Februari ikapita kimya. Ninalitaja hilo kwa sababu hatukulitilia maanani vya kutosha. Mwaka mmoja wa kimya ulituonyesha kwamba jambo tunalolipigia picha kwenye vipeperushi vya utalii limesimama juu ya mguu mmoja, nao ni mguu wa kuazima.

Sasa tuiangalie siku ya baada ya tamasha. Naijua kuliko wengi, kwa sababu mimi ndiye ninayebaki. Jumatatu asubuhi wageni wako bandarini au njiani kuelekea Paje na Nungwi. Sisi tunakunja nyaya. Gari kubwa halipiti vichochoroni, kwa hiyo masanduku hutoka kwa mikokoteni, mahamali wakigombana na pikipiki pale penye kona. Kufika adhuhuri jukwaa limekwisha kufunguliwa, na Ngome inarudi kuwa mahali pa kuuzia vinyago na picha za tingatinga. Hilo silipingi, wauzaji wale wana familia. Lakini kikundi cha taarab cha Mjini kikitaka usiku mmoja tu mle ndani, mwezi wa Agosti au Septemba, kwa ajili ya wenyeji, kinaanza safari.

Safari hiyo nimeisafiri. Miaka michache nyuma tulikuwa watu wa vikundi viwili, wazee na vijana waliotoka kujifunza muziki, tukataka kufanya usiku wa nyimbo za zamani. Kiingilio kidogo, viti vya kukodi, kahawa na haluwa mlangoni. Ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili. Ya pili ikataka barua ya ya kwanza. Ya tatu ikatupa bei ile ile anayopewa mtu wa kutoka nje anayetaka kufanyia harusi yake Ngomeni. Kila dirisha lilikuwa na risiti yake na hakuna dirisha lililojua linalotozwa dirisha jingine. Siitaji ofisi yoyote, kwa sababu sidhani kama mtu mmoja alikusudia kutuzuia. Hapakuwa na aliyepewa kazi ya kutuambia ndiyo. Mwishowe usiku ule tuliufanya kwenye ua wa nyumba ya mtu Kikwajuni, umeme tumeuvuta kwa jirani, na ganuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelazwa, ikawekwa juu ya meza ya kulia chakula. Watu walijaa mpaka barabarani. Kwa hiyo msije mkaambiwa kwamba wenyeji hawataki.

Waheshimiwa, mnajua nini kinatendeka ndani ya klabu siku za mazoezi? Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Ni zaidi ya miaka mia moja watu wanakutana baada ya kazi, wengine wametoka dukani, wengine ofisini, wanavua viatu na kukaa kupiga muziki. Culture Musical Club ya Vuga ipo tangu 1958. Mpiga ganuni hufika mapema kuliko wote, kwa sababu ana nyuzi sabini na ushei za kuziweka sawa, na kwa unyevu wa hewa yetu uzi ulioukaza jana leo umelegea. Anakaza, anasikiliza, anakaza tena, na ufunguo wake ameushika kama fundi saa. Kijana wa fidla amekaa pembeni anamtazama. Hakuna anayemfundisha kwa maneno. Siku mzee hatakuja, kijana ndiye atakayekaza. Hivyo ndivyo taarab ilivyotufikia tangu zama za Sultani Sayyid Barghash, aliyetuma mtu Misri kujifunza, na hivyo ndivyo ilivyopita kwa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikarudi imenaswa kwenye santuri.

Kijana yule wa fidla anahitaji kitu kimoja ambacho klabu haiwezi kumpa. Anahitaji watu wasiomjua. Anahitaji kukosea mbele ya viti mia moja na hamsini, arudi mwezi ujao apunguze makosa, na mwezi wa sita asikosee. Februari hawezi kwenda kujifunzia hayo mbele ya maelfu. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kukaa miaka mingi katika Nyumba ya Forodha kule Mizingani, kimetoa wapigaji wazuri mno, nacho pia kimehangaika na fedha mpaka kikakaribia kufunga milango. Wanaomaliza pale wanakwenda wapi? Wanakwenda mahoteli ya pwani kupigia watu wanaokula. Ni kazi ya halali na inalisha, nami nimewafungia spika huko mara nyingi. Lakini mtu anayetafuna hakufundishi wapi umeteleza.

Kumbi mjini zilikuwepo. Vijana wa leo wakipita Darajani hawajui kwamba duka lile kubwa lilikuwa sinema ya Empire. Malindi palikuwa na Sultana, iliyofunguliwa mwaka 1951 na baada ya Mapinduzi ikaitwa Ciné Afrique. Vuga palikuwa na jumba la Royal, likaungua, na mwaka 1955 likasimama jipya mahali pale pale, Majestic, lenye sura ile ya mviringo ambayo hadi leo mtu akiipita lazima ageuke. Yote matatu yaliacha kazi. Paa la Majestic liliporomoka. ZIFF, tamasha la filamu linaloheshimika Afrika nzima, likawa linatundika skrini Ngomeni chini ya nyota.

Chini ya nyota ni pazuri, mpaka inyeshe. Hapa ndipo wengi wasiofanya kazi hii wanaposahau. Ngome haina paa. Kuanzia Machi mpaka Mei ni masika, na kuanzia Oktoba mvua za vuli zinanyemelea. Nimewahi kufunika mitambo kwa mahema, kwa turubai, hata kwa mikeka, huku mwimbaji amesimama anauliza aendelee au asiendelee. Ukitoa masika, ukitoa vuli, ukitoa mwezi mtukufu, hesabu mwenyewe miezi inayobaki. Mji wa watu wa muziki hauwezi kutegemea ukumbi mmoja ulio wazi kwa mbingu.

Mtaniambia tuna Uwanja wa Amaan, umekarabatiwa vizuri, watu elfu kumi na tano wanakaa. Naam, na siku ya mpira nami nimo. Lakini udi haupigwi kwenye uwanja wa mpira. Ukiukuza uwafikie watu wote wale, unachosikia si udi tena, ni spika. Tunahitaji ukumbi wa watu mia tatu, mia nne, wenye paa, wenye sakafu ya mbao jukwaani, wenye mlango wa nyuma ambao mkokoteni unaingia. Majestic ina mahali pake tayari, iko Vuga, kwa miguu unafika kutoka kila upande wa Mji Mkongwe na hata kutoka Kikwajuni na Kisiwandui. Mipango ya kuliinua jumba lile nimeisikia tangu nina nywele nyeusi. Naomba mara hii lipewe mwaka wa kukamilika, na mwaka huo utangazwe, ili tujue wa kumuuliza. Na likishainuka, lisiwe hoteli yenye ukumbi mdogo kwa heshima ya jina. Liwe ukumbi.

Kuna jambo jingine ambalo nyinyi mkikaa viti vya mbele hamlioni, kwa sababu hutokea ubavuni. Taarab ina kutunza. Mwimbaji anapoufikia ubeti uliomgusa mtu, mtu yule huinuka na noti yake, anakwenda taratibu kwa mwendo wa wimbo, mkono juu, mpaka amfikie na kumpa. Njiani anasema na watu bila kufungua mdomo. Yule aliyekusudiwa anajua. Wenzake wanajua. Hiyo ni nusu ya taarab. Usiku mmoja, katika shughuli ambayo siitaji, palikuwa na uzio wa chuma mbele ya jukwaa kama unaowekwa kwa wanamuziki wa vijana, ili watu wasipande. Mama mmoja wa makamo aliinuka kutoka safu za nyuma. Alikuwa ameifunga noti yake kwenye pindo la kanga, akaifungua akiwa anatembea, na alikuja vizuri sana, bila haraka. Alipofika kwenye uzio mlinzi akamwekea mkono. Hakumtukana, alifanya kazi aliyopewa. Mama akasimama pale, noti iko juu, ubeti ukaisha. Akaikunja, akairudisha kwenye pindo, akarudi kukaa. Mimi nilikuwa nimeshika vitufe na sikuwa na kitufe cha jambo lile.

Uzio ule hakuna aliyeuweka kwa ubaya. Aliyeuweka alijifunza kazi kwenye matamasha ya nchi nyingine. Naomba tu kwamba kila mwenye kibali cha kufanya onyesho la taarab Mjini aambiwe mapema: hapa pana njia ya kutunzia, iachwe wazi, upana wa watu wawili. Wahifadhi wanatuambia tusibadilishe dirisha la nyumba kwa sababu Mji Mkongwe uko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, nasi tunatii. Basi na njia ya yule mama ni urithi pia, inastahili kulindwa kama mlango wa kuchonga.

Kuhusu mawe yenyewe, hapa nazungumza kwa hofu. Tarehe 25 Disemba 2020 Beit al-Ajaib, jirani wa ukuta kwa ukuta na Ngome, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Wiki saba baadaye tulikuwa Ngomeni tunafunga jukwaa la Februari. Sikuweza kuinua spika za besi bila kutazama juu. Na miaka ya karibuni, katika onyesho moja la kukodi ambapo mwenye shughuli alitaka mlio uliozidi, niliona vumbi jeupe laini limetanda juu ya meza yangu. Nililigusa kwa kidole. Chokaa. Nikashusha, akaja kunigombeza, nikamwonyesha kidole.

Kuta za matumbawe na chokaa hazifi kwa siku moja, hufa kwa mitikisiko midogo midogo ambayo hakuna anayeihesabu. Ninaomba wataalamu wapime. Waweke mashine zao ukutani siku ya tamasha, waone mtikisiko ni kiasi gani, kisha watupe kiwango kilichoandikwa: besi mwisho hapa, watu mwisho idadi hii, jukwaa lisiegemee ukuta. Fundi akiwa na karatasi hiyo mkononi anaweza kumkatalia tajiri yeyote. Bila karatasi, ananyamaza au anafukuzwa kazi. Na sehemu ya kila kiingilio, hata kama ni ndogo, ibaki Ngomeni kwa ajili ya kuta, vyoo na nyaya. Vyoo nimevitaja katikati ya sentensi lakini wanawake wanaokuja kusikiliza taarab wangevitaja mwanzo.

Nije kwenye kalenda, kwa sababu hili halisubiri. Ramadhani inawahi kwa kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa Kizungu. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Mwaka 2028 mwishoni mwa Januari. Mwaka 2029 katikati ya Januari, na kumalizika Februari. Yote kwa kuandama kwa mwezi, lakini hesabu haitatoka mbali na hapo. Maana yake kwa miaka mitatu mfululizo mwezi mtukufu utaila Februari, mwezi ambao kwa miaka yote hii umekuwa mwezi wa muziki wa mji huu. Muziki katika Ramadhani haupigwi hapa, wala haitakiwi upigwe. Nami ni mtu ambaye adhana ya Isha ikianza mkono wangu unakwenda wenyewe kushusha sauti, na ninaona fahari wageni wanaposimama kimya wakingoja imalizike.

ZIFF iliwahi kupita njia hii Ramadhani ilipoangukia Julai, ikasogeza tarehe. Inawezekana. Lakini tamasha la muziki lenye vikundi kutoka nchi kumi na ngapi haliwezi kusogezwa kwa taarifa ya miezi miwili. Mwanamuziki anahitaji viza, anahitaji tiketi ya ndege, anahitaji mwaliko mwingine wa karibu ili safari imlipe. Na kila shughuli ikikimbilia Juni na Julai, itakutana na ZIFF, itakutana na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, itakutana na harusi, na Ngome ni moja. Naomba Wizara na wahusika wote wakae meza moja, watoe kalenda ya miaka mitatu, na waitangaze. Nani ana Ngome lini. Nani ana Forodhani lini. Usiku upi wa kila mwezi umewekwa kando kwa vikundi vya Mjini, na usiuzwe kwa mtu mwingine hata akija na fedha mara kumi.

Usiku huo mmoja kwa mwezi ndio moyo wa barua yangu. Bei ya mwenyeji. Dirisha moja la kibali, risiti moja. Taa na nyaya ziwe zimefungwa pale pale, mali ya Ngome, ili kikundi kisilazimike kukodi kila kitu upya. Mimi na mafundi wenzangu wanne tumekubaliana kwamba mwaka wa kwanza tutakaa kwenye meza ya sauti bila malipo kwa usiku huo. Tumeyasema haya mbele ya watu, hatuwezi kuyarudisha.

Na msisahau kwamba tamasha kubwa kuliko yote hapa Mjini halina tiketi wala bango. Ni Sikukuu. Jioni za Idd pale Mnazi Mmoja, watoto wamevaa nguo mpya, msichana wa miaka sita ameshika mkoba mdogo wenye fedha za sikukuu yake, anahesabu sarafu za bembea na za aiskrimu. Watu wanaojaa pale kwa jioni nne hakuna tamasha la kiingilio linalowafikia. Mahali hapo panahitaji taa za kutosha, maji, njia ya gari la wagonjwa, na jukwaa dogo la ngoma za kibeni au kidumbaki kwa ajili ya wazazi wanaosimama wakingoja. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha ufunguzi wa tamasha moja. Silisemi kwa kejeli, nalisema kwa kuwa nimefunga spika kwenye shughuli za aina zote mbili na najua bili zake.

Juu ya fedha za matamasha makubwa, sitajifanya mtaalamu. Ninajua tu kwamba wiki ya tamasha nyumba za wageni hujaa, teksi hazipatikani, na mama wa urojo pale Forodhani anasonga mara mbili ya siku zote. Wanaofaidika wapo. Watafutwe njia ya kuchangia kabla, isiwe kila mwaka waandaaji wanazunguka na bakuli kwa balozi za nje. 2016 isirudi.

Waheshimiwa, mazoezi yetu klabuni ni baada ya sala ya Isha. Nakukaribisheni, na naomba mje bila msafara, maana ngazi ni nyembamba na daraja la pili kutoka juu limelika, shikeni kamba ya ukutani. Viti vipo. Kaeni upande wa dirisha, ndiko ganuni inakosikika vizuri. Kijana wa fidla nimeshamwambia kwamba huenda mkaja, na tangu nimwambie amekuwa akifika kabla ya mzee.

Wenu katika kazi,

Fundi mitambo,
Malindi, Unguja